Kupima besi za softboli

Besi za softboli hukaa kwenye pembe za mraba wenye pande za futi 60, yaani mita 18.29. Kipimo hicho wengi wanakijua. Kinachowakosesha ni mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Kazi huanzia kwenye ncha ya nyuma ya kibao cha nyumbani, pale mistari ya pembeni inapokutana. Besi ya kwanza na ya tatu hulazwa ndani ya mistari hiyo, kwani mpira unaogonga besi ni halali, na futi 60 huishia kwenye ukingo wa mbali wa besi. Ya pili hupimwa hadi katikati yake. Besi ina upana wa sentimita 38. Anayeishia ukingo wa karibu humwongezea mkimbiaji umbali huohuo, na hapa mtu hutolewa kwa nusu hatua.

Pembe hupatikana kwa kamba isiyovutika. Kamba ya futi 120 hutiwa alama kwenye futi 60 na kwenye futi 84 na inchi 10¼ (mita 25.86). Hunyoshwa kutoka kigingi cha nyumbani kupitia katikati ya kiwanja, na kwenye alama ya mita 25.86 hupigiliwa kigingi cha besi ya pili. Kisha ncha zote mbili za kamba hushikizwa kwenye vigingi hivyo, alama ya futi 60 ikavutwa kulia mpaka kamba ikaze: hapo ndipo pembe ya besi ya kwanza. Ikivutwa kushoto, hupatikana ya tatu. Mafundi wanaopiga msingi wa nyumba Ruiru hutegemea pembetatu vilevile, ya 3, 4 na 5. Uhakiki ni lazima: kutoka pembe ya kwanza hadi ya tatu pawe pia mita 25.86.

Kibao cha mrushaji hukaa kwenye mstari wa katikati: mita 13.11 kwa wanawake, 14.02 kwa wanaume, hadi ukingo wake wa mbele.

Viwanja vingi vya shule kati ya Ruiru na Thika ni vya soka kwanza, hivyo besi huondolewa mechi ikiisha. Ni heri kuzika vigingi vya kudumu chini ya usawa wa nyasi. Juja, penye udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, vigingi viwe virefu na vipimwe upya kila baada ya masika.