Joto la Chumba Lina Saa Zake

Kila mwaka kuanzia Desemba hadi kaskazi inapokatika, kilio cha wakazi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju huwa kilekile: nje kuna afadhali, ndani hakulaliki. Nyumba ni mpya, tofali za inchi 6, madirisha ya aluminiamu, dari ya jipsamu, na bado ikifika saa nne usiku watu wanatandika mkeka barazani. Wengi hukimbilia feni ya pili, isiposaidia wanaanza kuulizia bei ya kiyoyozi. Kabla ya kutoa hizo pesa, ipo kazi isiyogharimu kitu, nayo ni kutazama saa.

Joto la ndani lina asili chache tu, na kila moja ina wakati wake. Linaloanza saa tano asubuhi na kulegea jua linapozama ni la paa. Linalopanda baada ya magharibi, wakati nje kumeshaanza kupoa, ni la ukuta. Na lile lisilopungua usiku kucha, hata mvua ikinyesha, ni la hewa iliyokwama au la kitu kinachofanya kazi humohumo chumbani. Asiyeyatenganisha haya atanunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Tuanze juu. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya pili ya Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na kati ya miezi hiyo haliendi mbali. Kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Bati lililoshika kutu, au msauzi wa rangi nzito kama maruni na kijivu cha mkaa, linaweza kuvuka nyuzi 60 mchana. Bati ni jembamba, halizuii kitu. Linatema joto kwenye nafasi iliyo juu ya dari, ubao wa jipsamu unalipokea, nao unalimwaga kwa walioko chini. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 32 tu huku mwenye chumba akihisi kichwa kinaungua: kipimo kinasoma hewa, ila mwili unapokea pia mionzi ya joto inayotoka kwenye dari.

Kulithibitisha si kazi. Saa tisa alasiri panda kwenye stuli, gusa dari kwa kiganja, kisha gusa ukuta wa katikati ya nyumba, ule usiopata jua. Dari ikiwa na joto kuliko ukuta huo, umeshapata pa kuanzia.

Mara nyingi utakuta fundi aliziba kila upenyo kuanzia fisha bodi hadi kofia za paa kwa kuogopa popo na panya. Hofu hiyo ina sababu, lakini wavu wa chuma wa matundu madogo unawazuia wote wawili bila kuizuia hewa. Kinachotakiwa ni matundu ya chini, kwenye ukingo wa paa, na mengine ya juu karibu na kofia, maana hewa moto haitoki kama hakuna baridi ya kuchukua nafasi yake. Rangi nyeupe juu ya bati ni hatua nyingine nzuri, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anayeezeka upya aweke chini ya bati shiti yenye uso wa aluminiamu unaong'aa, uso huo uelekee kwenye nafasi iliyo wazi. Ikibanwa katikati ya vitu viwili, faida yake inapotea.

Joto la ukuta linachanganya zaidi kwa sababu linachelewa kufika. Tofali la saruji la inchi 6 lililopigwa lipu huchukua kama saa 4 kupitisha joto kutoka nje hadi ndani. Jua linaloupiga ukuta wa magharibi saa tisa alasiri linafika kwa aliyelala ndani saa moja usiku, na lile la saa kumi na moja linafika saa tatu, wakati anapanga mito. Huyo ndiye anayesema chumba "kinachemka usiku", naye anasema kweli. Hapa mjini kuta za kaskazini na kusini hazina shida kubwa. Zinazoumia ni za mashariki na magharibi, na ya mashariki inapata nafuu kwa kuwa ina mchana mzima wa kupoa kabla ya watu kulala.

Ndiyo maana siipendi fasheni ya sasa ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Inapendeza kwenye picha, lakini imeondoa ukingo wa paa uliokuwa ukitoa kivuli, ikauacha ukuta upokee jua na mvua bila mwamvuli. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na ukingo mpana na baraza, na vyote viwili vilikuwa vinaukinga ukuta kabla hata havijawa mahali pa kuzungumza. Anayemiliki nyumba iliyokwisha kujengwa anaweza kuezeka kibanda upande wa magharibi, au kupanda mwarobaini, au walau kupaka rangi nyeupe. Uwanja uliotandikwa pavingi yote mbele ya ukuta huo unazidisha tatizo, kwani nao unashika joto na kulirudisha jioni.

Tukija kwenye hewa, upepo wa msimu huu ni kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki. Chumba chenye dirisha upande huo kina bahati, ila bahati hiyo ina sharti: upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Vyumba vingi vya kupanga vina dirisha moja, mlango wa koridoni hufungwa usiku, na dirisha lenyewe la kuteleza linafunguka nusu tu, tofauti na luva za zamani zilizofunguka karibu zote. Ongeza ukuta wa fensi ulio mita moja kutoka dirishani, wavu wa mbu, pazia zito, kisha chandarua. Washa udi, usimame nao dirishani: moshi ukipanda wima bila kuyumba, hewa haitembei.

Kuna ushauri mmoja unaosambaa sana wa kuweka beseni la maji mbele ya feni au kutundika taulo bichi. Dodoma unafanya kazi, kwa kuwa hewa ni kavu. Dar mwezi Februari hewa tayari imejaa unyevu, jasho lenyewe halikauki, na beseni linazidisha tu. Feni nayo haipoozi hewa, inapooza ngozi, kwa hiyo kuiacha inazunguka chumba kitupu ni kuchoma uniti za LUKU bure.

Wapo wanaouliza kama chumba cha chini ya ardhi kingekuwa jibu. Mji huu unacho cha mfano: Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lina sehemu ya chini inayoitwa Shimoni. Lakini ardhi yenyewe, ukichimba mita chache, huwa na joto linalokaribia wastani wa hewa wa mwaka, na kwetu wastani huo ni kama nyuzi 26. Ulaya ardhi hiyo ni baridi. Hapa ni vuguvugu, na shimo lisilo na njia ya hewa linabaki na unyevu wake. Amuli hakutegemea ardhi, alitegemea paa refu lililo wazi kwa hewa. Wazo linalofanana na hilo lilijaribiwa katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, ambako msanifu wa Denmark, Jakob Knudsen, na wenzake walijenga nyumba za kuta nyepesi zinazopitisha hewa, baadhi zikiwa na ghorofa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha ndani kulikuwa na nafuu ya nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida, na mbu walipungua. Mbagala hakuna atakayelala nyuma ya ukuta wa wavu, wezi hawajastaafu, lakini kanuni inabaki: ukuta mwepesi haubaki na joto la mchana.

Mpangaji hana mamlaka juu ya paa la mtu. Bado anaweza kusogeza kitanda kutoka ukuta wa magharibi, kutoa friji chumbani (nyuma yake kuna joto mchana na usiku), na kuhamisha jiko la mkaa kutoka koridoni. Akibahatika kuongea na mwenye nyumba, asianze na kiyoyozi, ambacho kinataka chumba kifungwe na bili iongezeke. Aombe tundu lenye wavu na grili juu ya mlango, na lingine juu kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Ni kazi ya fundi mmoja, tofali mbili tatu zikitolewa.