Clear Creek: Mechi ya barafuni ambayo mshindi humwachia mpinzani wake

DENVER, MAREKANI

MASHABIKI wengi wa soka wanalikumbuka jimbo la Colorado kwa mechi moja. Ilikuwa Machi 22, 2013, Marekani ikiikaribisha Costa Rica katika kuwania kufuzu Kombe la Dunia, na theluji ilianguka mpaka wafanyakazi wa uwanja wakaingia na makoleo kufukua mistari. Clint Dempsey alifunga bao pekee dakika ya 16. Costa Rica walilalamika Fifa, lakini matokeo yakabaki yaleyale.

Wengi walijiuliza binadamu anachezaje kwenye baridi ile. Lakini magharibi mwa Denver wapo watu ambao baridi hiyo kwao ndiyo msimu wenyewe. Hawana mpira wala jezi. Wana fimbo nyepesi na ndoano ndogo kuliko punje ya mchele, wamesimama mtoni maji yakiwafika magotini, wakimtafuta samaki anayeitwa trauti.

Mto huo ni Clear Creek. Unaanzia juu kwenye milima ya Rocky, unapita miji ya Georgetown na Idaho Springs, unajibana kwenye korongo lenye kuta za mawe, kisha unatokea mji mdogo wa Golden. Mwisho unaingia mto South Platte kaskazini mwa Denver, ukanda uleule ulipo uwanja wa mechi ile ya theluji.

Kutoka katikati ya Denver hadi Golden ni kama kilomita 25 tu. Barabara ya lami inaandamana na mto ndani ya korongo, kwa hiyo mtu anaweza kuegesha gari, akavua saa tatu, na jioni akawa nyumbani anakula na familia.

MPINZANI AMEPAKI BASI

Kazi ya kwanza ni kumwelewa trauti. Mwili wa samaki huyu hauna joto lake mwenyewe, unafuata joto la maji. Maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 anakula vizuri na anakimbiza chakula huku na huku. Majira ya baridi maji hayo yanakaribia kuganda, na hapo mwili wake unapunguza mwendo. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na nguvu zake ni za kuhesabu.

Anachofanya ni kile ambacho timu ndogo hufanya ikienda ugenini kwa vigogo: anapaki basi. Anaacha sehemu zenye mkondo mkali, anashuka kwenye vina vya maji yaliyotulia, analala karibu na mawe ya chini na kungoja. Hatoki kwenda kushambulia. Chakula kikipita mbele ya mdomo wake atafungua, kikipita mbali kidogo hashughuliki nacho.

Kwa hiyo mvuvi wa baridi hahangaiki na mto mzima. Sehemu kubwa ya mto haina mtu, kama jukwaa la mechi isiyo na kiingilio wala wachezaji. Anatafuta vile vina vichache, na akikipata kimoja anajua samaki wamejazana humo.

Muda nao ni mfupi. Jua linachelewa kuingia korongoni, na asubuhi barafu inaganda hata kwenye vipete vya fimbo ambamo mshipi unapita. Mchezo wenyewe unaanza kama saa 5 asubuhi na kufikia saa 9 alasiri umekwisha. Anayefika alfajiri kwa sifa atasugua benchi tu.

CHAMBO CHA KUDANGANYA

Uvuvi huu hautumii minyoo wala vipande vya nyama. Chambo ni cha kutengeneza kwa mkono: uzi, unyoya na waya mwembamba vinafungwa kwenye ndoano mpaka vifanane na mdudu. Wenyewe wanakiita nzi.

Majira ya joto nzi hao wako wa kila aina. Kwenye baridi karibu wadudu wote wametoweka, wamebaki usubi, ambao mabuu yao huishi majini mwaka mzima. Ndiyo maana ndoano inakuwa ndogo vile. Mshipi wa mwisho unaoishika una unene wa milimita 0.13 hivi, na vidole vyenye ganzi vinatakiwa vifunge fundo hapo. Si mchezo.

Mvuvi anaweka boya dogo juu na punje ya risasi chini ili nzi azame hadi karibu na mawe. Kisha anarusha juu kidogo ya kile kina na kumwacha nzi ateremke na maji. Siri yote iko hapa: nzi lazima aende kwa mwendo uleule wa mkondo. Mshipi ukimvuta hata kidogo, trauti anajua kwamba huyo si mdudu.

Akidanganyika hashtuki wala haruki. Anafungua mdomo na kufunga. Boya linasimama nusu sekunde, au linayumba kama limegusa jiwe. Ukizubaa umeumia, maana akionja chuma anakitema na mechi inaanza upya.

Mtu anaweza kurusha mara 100 sehemu moja asipate kitu, akasogeza mguu hatua moja kando, akarusha tena, akapata. Na samaki mwenyewe huku kwa kawaida ana urefu wa sentimita 20 hadi 30. Si wa kupigia picha ya kutisha. Kwa nini basi watu wateseke hivyo?

MTO ULIOKUWA NA SUMU

Jibu liko kwenye historia ya mto. Clear Creek maana yake ni kijito cha maji maangavu, lakini kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa kama kejeli.

Januari 1859 dhahabu iligunduliwa pale ilipo Idaho Springs leo. Watu walimiminika, milima ikatobolewa. Handaki la Argo, lililokamilika 1910, lilichimbwa zaidi ya kilomita 6 chini ya milima ili kutoa maji na mawe ya migodini. Mwaka 1943 maji yaliyokuwa yamejaa ndani yalipasuka na kuua wachimbaji wanne. Kazi ikasimama, lakini maji hayakusimama.

Yaliendelea kutiririka kuingia mtoni yakiwa na zinki, shaba na madini mengine. Samaki hupumua kwa matamvua, na matamvua ndiyo huumizwa kwanza na sumu hiyo. Mwaka 1983 eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya sehemu zilizochafuliwa vibaya. Mwaka 1998 mtambo wa kusafisha maji ya Argo ulianza kazi, na mpaka leo haupumziki. Ukizimwa, sumu inarudi.

Kwa hiyo trauti mmoja wa sentimita 25 kwenye mto huu si kitoweo. Ni ushahidi kwamba mto unapumua.

WA KIGENI NA WA NYUMBANI

Wengi wa samaki hao ni trauti wa kahawia, na hao ni wachezaji wa kigeni. Asili yao ni Ulaya, na mayai yao yalifika Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883. Ndugu zao waliletwa hata Afrika Mashariki: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwapandikiza kwenye mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya.

Mwenyeji wa hapa ni trauti mwenye mgongo wa kijani, samaki wa taifa wa jimbo la Colorado. Mwaka 1937 alitangazwa kwamba ametoweka. Mwaka 2012 wanasayansi walipima vinasaba na kubaini kwamba uzao wake halisi umebaki kwenye kijito kimoja tu, karibu na mji wa Colorado Springs. Vifaranga wa ukoo huo wakapelekwa Herman Gulch, kijito cha juu kabisa kinachomwaga maji Clear Creek, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba wanazaliana humo wenyewe.

KUMWACHIA NI KAZI

Ndiyo maana wavuvi wengi wa baridi hawaondoki na samaki. Ndoano inasagwa kile kimwiba chake ili itoke bila kuchana mdomo. Mikono inaloweshwa kwanza, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Samaki anabaki majini muda wote. Akiinuliwa kwenye hewa ya chini ya sifuri kwa ajili ya picha, matamvua yake yanaweza kuganda, na atakayerudishwa mtoni ni maiti anayeogelea.

Wanaangalia pia wanapokanyaga. Trauti wa kahawia hutaga majira ya vuli, na mayai hukaa chini ya changarawe kipindi chote cha baridi. Hatua moja ya kizembe inaweza kuponda kizazi kizima. Barafu ya kando ya mto nayo haikanyagwi, kwani chini yake huwa kuna uwazi na maji yanayokimbia.

Kisha mvuvi anamshika samaki kichwa kikielekea mkondo unakotoka, anamwacha avute pumzi. Hamsukumi. Anasubiri mpaka mkia upige wenyewe, samaki azame kwenye kina chake, arudi kupaki basi.