Nyangwe, Mji wa Ukingoni

Nyangwe iko Maniema, ukingoni mwa mto Lualaba, upande wa mashariki. Zamani Waarabu na Waswahili walijenga mji mkubwa hapo, wakafanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa.

Nyumba zao zilikuwa juu, maana ukingo ule ni mrefu. Mitaa ilikuwa miwili, na katikati palikuwa na bonde. Mto ulipojaa, maji yaliingia bondeni, lakini nyumba zilikuwa salama. Kwa hiyo watu walikaa juu, na mpunga wakalima chini.

Mto ulileta watu pia. Siku ya soko wanawake walivuka kwa mitumbwi, wakileta samaki, vyungu, kuku na mafuta ya mawese. Hata wakati wa vita mwanamke aendaye sokoni hakuguswa. Hiyo ndiyo desturi iliyolinda soko.

Tarehe 15 Julai 1871 desturi hiyo ilivunjwa. Watu wa mfanyabiashara mmoja waligombana juu ya bei ya kuku, kisha wakapiga bunduki sokoni. Watu walikimbilia mitumbwi, na wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu 330 hadi 400. David Livingstone aliona yote, akaandika. Habari zake ziliwachukiza Waingereza sana, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Watoto, mto mmoja huweza kulisha pande mbili, amani ikiwapo.

Maswali: Kwa nini nyumba zilijengwa juu? Ni desturi gani iliyolinda soko?