Hollywood humaliza kwa harusi, Beni mtoto bado hana jina la baba

Katika dakika za mwisho za filamu ya Sayonara, rubani wa jeshi la anga la Marekani na mchezaji mashuhuri wa jukwaani wa Japani wanatoka mlangoni na kukuta waandishi wa habari wakiwasubiri. Wameamua kuoana. Wakubwa wa jeshi hawataki, na upande wa mwanamke hautaki. Wawili hao wanawaaga wote na kuondoka pamoja. Filamu imekwisha, na mtazamaji wa mwaka 1957 alirudi nyumbani akiwa ameridhika.

Mtazamaji wa Beni au Butembo hangesimama haraka hivyo. Angeuliza: halafu? Kikosi kikibadilishwa, mwanamke anabaki na nani? Katika miji hii miwili ya Kivu Kaskazini, askari na wafanyakazi kutoka nchi nyingi wamepita kwa zaidi ya miaka 20. Hadithi ya mgeni mwenye sare na binti wa mtaani haihitaji tiketi ya sinema.

Hadithi moja, filamu nyingi

Ujapani ulishindwa vita mwaka 1945, na jeshi la Marekani likaukalia hadi 1952. Vijana wa Kimarekani waliishi katika miji iliyoungua na yenye njaa, wakiwa na mshahara, sigara na chakula cha makopo. Mapenzi ya kweli yalizaliwa humo, biashara ya mwili nayo ikazaliwa, na watoto walitoka pande zote mbili. Hollywood ilichagua kuonyesha upande wa kwanza.

Mwaka 1952, King Vidor alitoa Japanese War Bride, hadithi ya askari aliyejeruhiwa Korea anayemwoa muuguzi wa Kijapani na kumpeleka California, ambako chuki inawapokea. Mwaka 1955 ikafuata House of Bamboo ya Samuel Fuller, iliyopigwa Japani kwenyewe. Miaka miwili baadaye Joshua Logan akatoa Sayonara, Marlon Brando akiwa rubani Lloyd Gruver na Miiko Taka akiwa Hana-ogi.

Wengi walioipenda filamu hiyo hawajui kwamba mwisho wake ulibadilishwa. Katika riwaya ya James Michener ya mwaka 1954, Gruver anarudi kwao peke yake na Hana-ogi anabaki. Brando ndiye aliyetaka wahusika hao waoane. Michener mwenyewe alimwoa Mmarekani wa asili ya Kijapani, Mari Yoriko Sabusawa, mwaka 1955. Maisha ya mwandishi yalikuwa laini kuliko kitabu chake, jambo ambalo si la kila siku.

Kabla ya hapo, studio zilifungwa mikono na kanuni za maadili zilizoitwa Kanuni za Hays, zilizoanza kukazwa mwaka 1934. Kanuni hizo zilikataza wazi kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweupe na mweusi, na kwa vitendo hata Waasia waliguswa. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1956, na Sayonara ikapita mlango uliokuwa umefunguliwa jana yake. Lakini mlango haukufunguka wote. Ndani ya filamu hiyohiyo kuna mwigizaji wa Kijapani anayevutiwa na mwanamke Mmarekani, na nafasi hiyo alipewa Ricardo Montalban, mzaliwa wa Mexico. Mwanamume mweupe aliruhusiwa kumpenda mwanamke wa asili ya Kijapani mbele ya kamera. Mwanamke mweupe alipewa Mjapani wa kupaka rangi.

Ilibidi kungoja hadi 1961, katika Bridge to the Sun, kumwona James Shigeta, Mmarekani wa asili ya Kijapani, akiwa mume wa Carroll Baker. Filamu hiyo ilitokana na kumbukumbu za Gwen Terasaki, Mmarekani aliyeolewa na mwanadiplomasia wa Japani na kuishi huko wakati wa vita pamoja na binti yao. Kati ya zote zilizotajwa hapa, ndiyo pekee inayotegemea maneno ya mke mwenyewe.

Kelly na Katsumi

Wanaokumbukwa zaidi katika Sayonara, hata hivyo, si Brando na mpenzi wake. Ni Joe Kelly, askari wa kawaida, na mkewe Katsumi. Wanaishi katika nyumba ndogo, wanakula chini, wanacheka. Kelly anapewa amri ya kurudi Marekani. Mkewe hawezi kumfuata, na ana mimba. Wanakufa pamoja kwa kujiua. Red Buttons na Miyoshi Umeki, walioigiza wawili hao, walipata tuzo ya Oscar, na Umeki akawa mwigizaji wa kwanza kutoka Asia kuipata.

Kizuizi kilichowaua hakikutungwa na mwandishi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 ilikuwa imewafungia Wajapani njia ya kuhamia huko, na askari aliyeoa Japani aliweza kujikuta na mke halali asiyeweza kuvuka naye bahari. Sheria ya mwaka 1952 ndiyo iliyofungua njia kwa kudumu, na maelfu ya wake wa askari wakasafiri.

Hapo ndipo filamu hiyo inapoisogelea Beni kuliko inavyojua. Kilichoamua hatima ya Katsumi ni karatasi: amri ya uhamisho, kibali cha kusafiri, cheti cha ndoa. Lakini mtoto wake hakuzaliwa. Kwa sinema hiyo ilikuwa nafuu, maana mtoto angelazimisha maswali ambayo harusi ya Brando haikuweza kuyajibu.

Kamera ilipofika Kongo

Hollywood ilifika Kongo pia. Mwaka 1951, John Huston alileta kamera zake kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kupiga The African Queen na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Mapenzi yalikuwepo, ila kati ya Wazungu wawili ndani ya mashua. Waafrika walikuwa kwaya ya kanisa, askari na watu wa kando ya mto. Miaka saba baadaye, Huston huyohuyo alikuwa Japani akimwongoza John Wayne katika The Barbarian and the Geisha, hadithi ya balozi wa Marekani na mwanamke wa Kijapani. Mkurugenzi ni mmoja. Huko Shimoda mwenyeji aliweza kupendwa. Kwenye Ruiki hakuweza.

Si kwamba mambo hayo hayakutokea nchini. Wakati kamera za Huston zikiwa msituni, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukiwachukua watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mkongomani na kuwapeleka kwa masista, mbali na mama zao. Kwa eneo la Ruanda-Urundi, wengi walikusanywa Save, karibu na mji ambao leo ni Huye. Huko Kasai, kituo kimoja kilikuwa misheni ya Katende.

Wanawake watano waliopitia Katende, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, waliishtaki serikali ya Ubelgiji. Waziri mkuu Charles Michel alikuwa ameomba msamaha bungeni mwezi Aprili 2019, lakini wao walitaka mahakama iseme. Mwaka 2021 walishindwa katika hatua ya kwanza. Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua wakiwa wadogo kwa sababu ya asili yao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Walikuwa wamevuka miaka 70.

Mavivi, Boikene na magari meupe

Mwaka 2013, Baraza la Usalama liliunda kikosi cha kushambulia makundi yenye silaha ndani ya MONUSCO, kikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Beni ikawa moja ya makao yake. Wahindi, Wanepali, Wamoroko na wengine wamepita pia katika eneo hilo. Kwa Mtanzania hakukuhitajika mkalimani: alisalimia kwa Kiswahili, alinunua nyanya kwa Kiswahili, na alitongoza kwa Kiswahili. Umbali uliobaki haukuwa wa lugha. Ulikuwa wa mshahara, bunduki na tiketi ya kurudi.

Wapo waliopendana kweli, na kuwanyima neno hilo itakuwa kuwadharau. Lakini mji ambao watu wake wamekimbia mashamba kwa hofu ya ADF si mahali pa mapatano sawa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inakataza kununua ngono kwa pesa, kazi au chakula, inakataza kumgusa aliye chini ya miaka 18, na inaonya vikali dhidi ya uhusiano kati ya wafanyakazi wake na wanaosaidiwa. Mwezi Aprili 2016, ilitangazwa kwamba malalamiko yamepokelewa dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa Mavivi, nje kidogo ya mji wa Beni. Baadhi yalihusu wasichana wadogo, na ndani yake kulikuwa na madai ya ubaba.

Kisha ikaja Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na ukaisha rasmi Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, wengi wao Beni, Butembo na vijiji vya jirani. Pamoja na dawa yalikuja magari meupe, hoteli zilizojaa na kazi za mshahara wa dola, Wakongomani na wageni wakiwa wakubwa wa kazi. Tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, Mkongomani kiongozi wa shirika la SOFEPADI, ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, wakiwemo 21 waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani, OMS. Wanawake walieleza kwamba kazi ilitolewa kwa masharti ya kitandani. Baadhi walibeba mimba.

Baba wa kisheria

Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa 2016, inasema mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Baba wa damu asipopatikana, mahakama inaweza kumtaja baba wa kisheria, kwa kawaida mtu wa upande wa mama, achukue wajibu wake. Uzazi unatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90. Katika ukoo wa Kinande, jina halimsumbui mama sana, kwa kuwa jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, awe baba yake anatoka Kyondo au Kathmandu.

Ugumu uko shambani. Ardhi hupitia kwa baba. Mtoto ambaye hakuna mbuzi wa mahari aliyeletwa kwa ajili ya mama yake hulelewa kwa babu mzaa mama, na akiwa mdogo hakuna anayemhesabia sahani. Akifika umri wa kuoa, wajomba wanaanza kupima mipaka. Kuzunguka Butembo, ambako kilima kizima kimelimwa hadi kileleni, mpaka wa hatua tano unaweza kuvunja familia. Kwa hiyo mama anayeulizia jina la askari aliyeondoka anaulizia pia mahali ambapo mwanawe atajenga.

Mtafiti mmoja mmoja amejaribu kusikiliza. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Uingereza, na Queen's, Kanada, pamoja na SOFEPADI, walikusanya simulizi zaidi ya 2,800 kuzunguka vituo sita vya MONUSCO, kuanzia Kisangani hadi Kalemie. Bunia na Goma zilikuwemo. Beni na Butembo hazikuwemo.

Askari wa kulinda amani hashtakiwi Kongo. Nchi iliyomtuma ndiyo yenye mamlaka ya kumshtaki. Umoja wa Mataifa hupokea dai la ubaba, husaidia kuchukua kipimo cha ADN cha mama na mtoto, kisha hupeleka faili kwa serikali husika na kungoja. Serikali ikinyamaza, faili nayo inanyamaza.

Butembo haina tena kambi. Maandamano ya Julai 2022 yaliua raia na pia watu watatu wa MONUSCO mjini humo, na mwezi Agosti vikosi vikaondoka. Boikene, huko Beni, waandamanaji walikuwa wamechoma ofisi za MONUSCO tangu Novemba 2019. Waliofurahia kuondoka kwa askari walikuwa na sababu zao. Kwa mama mwenye dai, kuondoka huko kulifunga geti alilozoea kugonga. Sasa dai lake linahitaji maelezo ya mwanamume huyo: jina, kikosi, nchi, na miezi aliyokaa mjini. Mara nyingi mama ana jina moja tu la utani, na namba ya simu iliyozimwa wiki ile ndege iliporuka kutoka Mavivi.