Simu Mkononi, Sheria Bungeni

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na madarasa ya ngumbaru. Limepigwa chapa hapa ili kiongozi wa kikundi aweze kulisoma tena pole pole.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kiongozi wa kikundi ana kalamu na karatasi. Katika somo lililopita tulieleza jinsi mswada unavyogeuka kuwa sheria: unavyosomwa mara tatu katika Bunge, kisha unavyopelekwa kwa Rais ili autie sahihi. Wengi mlituandikia mkiuliza swali moja. Mlisema, hayo tumeyafahamu, lakini vijana wetu wanatuambia kwamba siku hizi Bunge liko katika simu. Je, ni kweli kwamba mtu aweza kuibadili sheria kwa simu?

Swali ni zuri, na halijibiwi kwa neno moja. Basi twende nalo taratibu.

Mtu akiandika maneno katika simu yake huko Kakamega, simu huyageuza kuwa alama, huzikata alama hizo vipande vidogo vidogo, na kuvirusha kwa mawimbi mpaka kwenye mnara ulio karibu. Kutoka mnarani vipande hupita katika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zilizofukiwa ardhini. Vikitakiwa kwenda ng'ambo, hupita katika kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kebo hizo zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Uwekeni akilini huo mnara na hiyo kebo, kwa maana tutavirudia baadaye.

Sasa tazameni tofauti yake na redio. Hapa mimi nasema, ninyi mwasikia. Hata kama nimekosea, hamwezi kunikatiza. Mtaniandikia barua, nami nitaisoma juma lijalo. Katika intaneti kila asikiaye aweza kusema, papo hapo, na maneno yake yakafika mbali sawa na maneno ya waziri. Hilo ndilo jambo jipya, na kutoka kwake hutoka mazuri na mabaya yote tutakayoyataja leo.

Wale wenye umri kidogo mtakumbuka mwisho wa mwaka 2007. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi iliwaka. Siku hiyo hiyo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na televisheni. Watu walikuwa gizani: hawajui barabara gani imefungwa, wala kijiji gani kimechomwa. Ndipo, mnamo Januari 2008, Wakenya wachache waliojua kazi ya kompyuta wakatengeneza ramani katika intaneti na kuiita Ushahidi. Mtu alipoona jambo, aliandika ujumbe, na habari yake ikawekwa mahali pake katika ramani ili wengine waone. Kazi hiyo ilisifiwa sana, hata mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, ramani ya namna hiyo ilitumiwa huko.

Lakini katika majuma yale yale, simu zile zile zilibeba ujumbe wa kuchochea kabila moja lilipigane na jingine. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Ramani iliweza kuonyesha mahali panapoungua. Haikuweza kuzima moto. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo tunapofika mwaka 2024, kwa maana hapo ndipo penye jibu la swali lenu.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ilipeleka Bungeni Mswada wa Fedha. Shabaha yake ilikuwa kupata kodi zaidi, kiasi cha shilingi bilioni 346 hivi. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na jingine la kumtoza kila mwenye gari asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kwa mwaka. Miswada ya fedha huja kila mwaka, na kila mwaka Katiba humpa raia nafasi ya kusema. Kifungu cha 118 chalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria. Lakini mswada ni kitabu kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na tangazo la kuomba maoni hutiwa gazetini, mahali ambapo muuza mitumba wa Gikomba hapiti. Kwa hiyo, miaka mingi, walioleta maoni walikuwa ni makampuni, wahasibu na vyama vyenye ofisi Nairobi.

Mwaka ule vijana walifanya jambo ambalo sisi maofisa wa elimu ya watu wazima tulipaswa kulifanya zamani, na sioni haya kulikiri. Waliuchukua mswada, wakaufungua kifungu kwa kifungu, wakaueleza katika TikTok na X kwa Kiswahili, kwa lugha za makwetu, na hata kwa lugha ya ishara kwa ajili ya viziwi. Wengine walitengeneza programu za kompyuta ambazo mtu aliziuliza, kifungu hiki maana yake nini, nazo zikamjibu. Usiku walifanya mikutano ya sauti, maelfu wakisikiliza, daktari akieleza la hospitali na mwenye teksi akieleza la gari. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na wabunge wakajazwa ujumbe mchana na usiku.

Tarehe 18 Juni waandamanaji wa kwanza walitoka Nairobi. Siku hiyo ilitangazwa kwamba kodi ya mkate na ile ya magari zimeondolewa. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Tarehe 20 mswada ulisomwa mara ya pili, ukapita kwa kura 204 dhidi ya 115, na maandamano yakaenea katika miji mingi ya nchi. Tarehe 25 Juni ulisomwa mara ya tatu, ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106. Alasiri ile watu waliingia katika majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi. Siku ya pili yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada.

Wasikilizaji, msiyapite maneno haya kwa haraka. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano yale. Wengi walikuwa vijana. Ndiyo sababu nilisema mwanzoni kwamba swali lenu halijibiwi kwa neno moja. Mtu akiwaambia kwamba simu iliuondoa mswada, mwulizeni habari za watu 39. Simu iliwafundisha watu na ikawakutanisha. Waliokwenda barabarani walikwenda kwa miguu yao, na gharama waliilipa wao.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi sana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule miswada mingine ya kodi ililetwa Bungeni. Bunge lilialika maoni kama kawaida. Ndani yake yalirudi baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa katika mswada wa Juni, na tarehe 11 Desemba 2024 Rais alitia sahihi. Safari hii hapakuwa na misafara kama ile ya Juni, wala vijana waliojaa mtandaoni wakifasiri kifungu kwa kifungu. Sisemi kwamba kila kilichorudi kilikuwa kibaya. Nchi haiendi bila kodi. Nasema tu kwamba wachache walikisoma. Intaneti ina nguvu ya kuwakusanya watu kwa siku moja, hasa siku ya hasira. Mswada hutembea kwa miezi, huenda kwenye kamati, hulala, huamka, na hubadili jina. Anayetaka kuufuata yambidi aufuate hata siku ambazo hakuna anayepiga kelele.

Na hasira yenyewe ina mwenye kuichochea. Mtu afunguapo Facebook au TikTok hudhani anaona yote yaliyosemwa siku hiyo. La, haoni yote. Mashine ya kampuni humchagulia. Kampuni hupata fedha kwa matangazo, na kadiri mtu akaavyo mbele ya kioo ndivyo matangazo yauzwavyo. Sasa, ni kitu gani humfanya mtu akae? Ni lile limuudhilo au limshtualo. Maelezo ya pole juu ya bajeti ya kaunti hubaki chini kabisa, kama karatasi chini ya godoro.

Nitawapa mfano wa darasani. Siku zile za Juni mwanafunzi wangu mmoja, mama auzaye mboga sokoni, alikuja na sauti aliyotumiwa katika kikundi cha WhatsApp. Sauti ilisema kwamba mswada utamtoza mtu kodi kwa kila kuku aliye naye. Darasa likavurugika. Nikawaomba tuutafute mswada wenyewe katika tovuti ya Bunge, kwa simu ya kijana mmoja, tukausoma pole pole hata kiza kikaingia. Mkate tuliukuta. Kuku hatukumkuta. Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimekwisha wapelekea watu arobaini." Kesho yake aliwatumia wote tena, akawaambia la kuku ni uongo, la mkate ni kweli. Mimi sikuwa na haki ya kumcheka, kwa kuwa juma lile lile nami nilituma picha ya umati mkubwa wa watu, na baadaye nikafahamishwa kwamba ilipigwa nchi nyingine.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutuma ni rahisi: nani kasema, lini, na ameliona wapi? Na kama lahusu sheria, ni kifungu gani?

Sasa turudi kwenye mnara na kebo. Kila kipitacho katika waya chaweza kuzuiwa na mwenye amri juu ya waya. Huko Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila atakaye kuingia Facebook au WhatsApp alitozwa shilingi 200 za huko kwa siku. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti. Mwezi wa Januari mwaka 2021, katika mkesha wa uchaguzi, intaneti ya nchi ile ilizimwa kwa siku kadhaa. Tanzania nayo ilikatwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na kwa siku kadhaa watu hawakuweza kupata habari za ndugu zao. Hapa Kenya, alasiri ile ya tarehe 25 Juni 2024, mtandao ulidhoofika. Kampuni za simu zilisema kebo za baharini zimepata hitilafu, na raia wengi hawakuridhika na jibu hilo.

Kwa hiyo kikundi kinachokutana katika simu peke yake, siku waya ikikatwa hakipo tena. Ninyi mnaokaa sasa chini ya mwembe au katika chumba cha kanisa au madrasa mna kitu ambacho hao hawana: mnajuana kwa nyuso. Na simu moja yenye intaneti yatosha watu ishirini, iwapo mmoja asoma na wengine wasikiliza.

Lipo jambo moja ambalo mwaweza kulianza juma hili. Sheria ya mwaka 2016 juu ya kupata habari yampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika hana haja ya kurudi nyumbani. Ni wajibu wa ofisa wa habari kumsaidia ombi lake liandikwe. Jibu lapaswa kutolewa katika muda wa siku 21. Kama kaunti ilisema itachimba kisima, nanyi hamkioni kisima, ulizeni fedha zilitengwa kiasi gani, alipewa nani kazi, na kazi imefika wapi. Waweza kutuma kwa simu, waweza kupeleka kwa mkono. Ukipeleka kwa mkono, omba nakala yako igongwe mhuri na iandikwe tarehe, kwa maana siku 21 hazihesabiki pasipo siku ya kuanzia.

Sasa kiongozi wa kikundi na azime redio baada ya maneno haya, mjadili. Je, kikundi chenu kilipata habari za Mswada wa Fedha wa mwaka huu kabla haujapita, au baada yake? Mlizipata kwa nani? Katika kijiji chenu, nani hafikiwi kabisa na habari za simu, na nani aweza kumpelekea? Na mwenye kumbukumbu ya habari ya uongo aliyoituma mwenyewe, asimulie, kama yule mama.

Juma lijalo, saa hii hii, tutafungua bajeti ya kaunti. Kila kikundi kilete tangazo moja la mkutano wa maoni ya wananchi, lililobandikwa ukutani au lililotumwa kwa simu. Msipolipata, leteni majina ya ofisi mlizokwenda kuliulizia.