Wabenzi na Ndugu Zao

Kisarufi, Wabenzi ni kabila kamili. Mmoja ni Mbenzi, wengi ni Wabenzi, sawasawa na Mhehe na Wahehe, Mdigo na Wadigo. Hawana asili moja wala mila. Kinachowakusanya ni nyota yenye ncha tatu kwenye pua ya gari. Jina limetoka kwa Karl Benz, Mjerumani aliyepata hataza ya gari lake mwaka 1886, lakini kejeli ni ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960.

Utamu wote uko kwenye ile *wa-*. Wananchi walioambiwa kwamba baada ya uhuru ukabila utazikwa, waliona kabila jipya likizaliwa maofisini, nalo lilipokea watu wa kila kabila, mradi wana cheo. Mbenzi halisi alikuwa waziri, katibu mkuu au mkurugenzi wa shirika la umma. Ndiyo maana naliona neno hili kuwa kali kuliko "tajiri": linauliza gari limetoka wapi.

Tanzania ilikuwa na naizesheni pia, yaani waliorithi viti vya wazungu. Ni Afrikanaizesheni iliyokatwa kichwa. Azimio la Arusha la 1967 likawabana: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asimiliki hisa katika kampuni. Kenya ilishika njia nyingine. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilikubali watumishi wa serikali wafanye biashara zao, na Mbenzi akapata baraka rasmi.

Uganda walikuja na neno la mwilini: mafuta mingi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, kisha maduka na viwanda vyao vikagawiwa, vingi kwa wanajeshi na watu wao wa karibu. Walionenepa ghafla ndio mafuta mingi. Sarufi sanifu ingedai "mafuta mengi", ila hiki ni Kiswahili cha kambini, maana Uganda lugha hii ilienea sana kupitia jeshi. Neno linawasema wenye maduka wapya kwa lafudhi yao wenyewe. Waganda bado wanasimulia habari za mafuta mingi mmoja aliyekuta mashati rafuni, asijue bei, akayauza kwa namba iliyoandikwa kwenye kola: 15 kwa shilingi 15, 16 kwa shilingi 16, mpaka rafu ikaisha.