Sifuri Isiyo ya Haki: Kusaka Makosa ya Kumbukumbu kwa GDB

Leo naomba niwatoe tongo za macho kuhusu jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa mjini tu: jinsi mtu anavyoweza kuiingilia programu ya kompyuta ingali inafanya kazi, akaitazama kumbukumbu yake baiti kwa baiti, akamshika mwizi mkono ungali mfukoni.

Muhula uliopita programu ya matokeo, ambayo chama cha kompyuta kiliirithi kutoka kwa wanafunzi waliokwisha kuondoka, ilimpa msichana mmoja wa darasa letu sifuri katika Kiswahili. Karatasi yake ilikuwa na 74. Mwalimu aliiingiza 74 tena mbele ya macho yetu. Ikachapishwa 0 vile vile. Wengine wote katika orodha walikuwa sawa. Eti kompyuta imemchukia? La hasha! Lakini sifuri hiyo ilikuwa imemshusha hadi mkiani mwa darasa, na ripoti ya kupelekewa wazazi ilikuwa inangoja sahihi tu.

Programu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C. Kila mwanafunzi ametengewa vyumba viwili vilivyopakana: cha jina, chenye baiti 20, kisha cha alama, chenye baiti 4. C ni lugha ya tangu miaka ya 1970, ina kasi ajabu, ila haina askari mlangoni. Ukimimina herufi 30 katika chumba cha 20, haikuulizi neno; zinazozidi zinamwagikia kwa jirani. Si jambo la mchezo hilo. Mnamo Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Robert Tappan Morris, alitoa programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti ikalemaza maelfu ya kompyuta, na mojawapo ya njia ilizopitia ni mmwagiko wa aina hii hii.

Basi GDB ni nini? Ni chombo cha kuichunguzia programu, kilichoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, tena ni cha bure. Kwanza unaitafsiri programu yako upya kwa «gcc -g» ili majina uliyoyatumia yabaki ndani yake. Kisha unaandika «gdb ./matokeo». Programu haiendi mbio, inangoja amri. Kwa «break main» unaiwekea kizuizi mwanzoni, kwa «run» unaianzisha, kwa «next» unaisogeza mstari mmoja, na kwa «print» unauliza kitu fulani kina thamani gani.

Wanaoanza hushikilia «next, next, next» mpaka usingizi uwachukue. Mimi naona ni kupoteza wakati. Amri tamu kuliko zote ni «watch», ambayo ni sawa na kuweka mlinzi kwenye chumba kimoja cha kumbukumbu. Msichana wetu alikuwa wa 12 katika orodha, na C huhesabu kuanzia 0, kwa hivyo niliandika «watch orodha[11].alama», halafu «continue». Programu ikaenda, ikasimama: thamani ya zamani 0, mpya 74. Haya, hapo alama inaingizwa. «continue» tena. Ikasimama mara ya pili: ya zamani 74, mpya 0. Kumbe!

Nikaandika «backtrace», amri inayoonyesha nani alimwita nani hadi tukafika hapo. Juu kabisa palikuwa na «strcpy», ambayo kazi yake ni kunakili maneno, na chini yake sehemu ya programu yetu inayonakili jina, na nambari ya mstari juu yake. Jamani, kunakili jina kunafutaje alama?

Jibu lilitoka kwa «x/24xb &orodha[11]», inayochapisha baiti 24 za rekodi hiyo moja moja. Tulihesabu kwa vidole. Jina lake, pamoja na nafasi katikati, lina herufi 20 kamili. Lakini C humalizia kila neno kwa baiti moja zaidi yenye sifuri, ili ijue neno limeishia wapi. Jumla 21! Baiti ya 21 ni ya kwanza ya alama, na kompyuta zetu huweka humo sehemu ndogo ya nambari. Ilikuwa 0x4a, yaani 74 kwa hesabu ya kumi. Sasa ni 0x00. Jina nalo lilichapishwa vizuri tu, ndiyo maana hakuna aliyelishuku. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mtaniuliza, mbona si Valgrind, ambayo tangu 2002 husaka makosa ya kumbukumbu yenyewe? Ni nzuri, hasa kwa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa kisha ikatumiwa tena. Hapa lakini isingesema lolote, kwa sababu baiti hiyo ni mali halali ya programu. Ila ni ya chumba kingine. Na programu ikianguka kabisa kwa «Segmentation fault», mara nyingi «backtrace» peke yake inatosha.

Tiba ilikuwa fupi. Chumba cha jina tulikipanua hadi baiti 60, na «strcpy» tukaiondoa tukatia «snprintf», ambayo huambiwa ukubwa wa chumba na haiuvuki. Niliporudia «watch», mlinzi aliita mara moja tu, 74, ikabaki 74. Ripoti ikatiwa sahihi.

Sasa imezuka shughuli nyingine. Hebu fikirini jina la herufi 21 linaloishia kwa «a». Herufi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiingia katika chumba cha alama, na ndani ya kompyuta «a» ni nambari 97. Mwenye jina hilo alikuwa akipata 97, hata kama karatasi yake ina 30! Tumeanza kuzipitia orodha za miaka miwili iliyopita, tukihesabu herufi za majina. Wenye sifuri wawili wamekwisha kuja na karatasi zao. Wa 97 hajaja hata mmoja.